Kazi za Mikono: Lori la Babu Lililokwenda Burma

Juma hili tuache kwa muda habari za vibanda vya kuku na meza za shule, maana msomaji mmoja, mkulima wa Uasin Gishu, ameleta swali lililonifikirisha. Babu yake alikuwa dereva katika jeshi la Keya, akaendesha lori kule Burma. Mzee huyo amekwisha fariki, wala hakuacha kitu cha vita ila picha moja: amesimama kando ya lori lake, mkono juu ya madigadi. Jamaa watakutana mwezi wa Disemba, na mjukuu ataka kuweka mezani lori dogo la mfano, lifanane na lile la babu, ili watoto wajue. Auliza, “Je, katika mji wa Eldoret naweza kulinunua wapi?”

Jibu langu ni hili: ndugu yangu, usilinunue. Lijenge.

Sisemi hivi kwa kudharau viwanda. Wako mafundi hodari katika nchi za ng'ambo watengenezao vigari vya plastiki vya kuunganishwa kwa gundi, na jina la Tamiya wa Japani lajulikana sana kwa wapendao kazi hiyo. Lakini vitu hivyo ni adimu katika maduka yetu, na kuviagiza ng'ambo ni gharama. Tena, ukiagiza bila kujua, waweza kuletewa kisicho chako. Tamiya wametoa gari la jeshi la namna ya Quad, kwa kipimo cha 1 kwa 35. Sura yake yafanana na malori ya vita hivyo, lakini kazi yake ilikuwa kuvuta mzinga, wala si kuchukua mizigo. Mtoto atakayeliona mezani ataambiwa kwamba babu yake alivuta mzinga, na huo utakuwa uongo uliolipiwa fedha nyingi.

Basi jambo la kwanza ni kulijua lori lenyewe. Katika Vita vya Pili vya Dunia, nchi ya Kanada iliunda magari ya jeshi zaidi ya 800,000, na karibu nusu yake yalikuwa ya namna moja iliyotengenezwa na Ford na Chevrolet kwa mfano mmoja. Yalipelekwa pande zote walikopigana Waingereza na wenzao, na huko Bara Hindi na Burma yalikuwa mengi. Utayatambua kwa uso wao mfupi uliobinywa. Boneti ni fupi kwa sababu injini imerudishwa nyuma karibu na dereva, ili sehemu kubwa ya urefu wa gari ibaki kwa mizigo. Faida ilikuwa ya mizigo, na taabu ilikuwa ya dereva, maana miguu yake ilisongamana na injini.

Majina yao yasomeka kama hesabu. Lori la C60L ni hivi: C ni Chevrolet; 60 ni uzito wa mzigo, handredweti 60, yaani tani 3; L ni refu. Likiwa F60L, ni la Ford. Likiwa na S mahali pa L, ni fupi. Katika lori refu, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 158. Katika lile fupi ni kiasi cha inchi 134. Shika sana nambari hizo, kwa kuwa ndizo zitakazoifanya picha ya mzee iseme.

Sasa tuitazame picha. Kwanza, magurudumu yaonekana mviringo kamili, au yamebanwa kama yai? Kama ni mviringo, picha imepigwa kutoka ubavuni, na vipimo vyake vyaaminika. Kama ni yai, mpiga picha alisimama upande, na umbali wa mbele na nyuma utakudanganya. Hapo tumia picha kwa vipimo vya kwenda juu tu, na urefu uuchukue katika nambari nilizotaja.

Pili, tafuta rula iliyofichwa katika picha. Rula hiyo ni tairi. Matairi ya malori hayo ya tani 3 yaliandikwa 10.50-20. Maana yake, tairi lina unene wa inchi 10 na nusu, na ringi yake ina kipenyo cha inchi 20. Basi chukua unene wa juu na wa chini, ujumlishe na ringi: 10.50 na 10.50 na 20, jumla inchi 41, yaani sentimeta 104. Ikiwa katika picha yako tairi lina milimita 13, basi kila milimita ya picha ni sentimeta 8 za lori lenyewe. Ukipima ubao wa ubavuni ukaona milimita 9, ubao ule ulikuwa na sentimeta 72. Kwa njia hiyo picha yote yageuka kuwa mchoro wa fundi.

Tatu, gawanya umbali wa ekseli kwa kipenyo cha tairi. Ukipata kama 3.9, lori la babu ni lile refu. Ukipata kama 3.3, ni lile fupi. Nne, tazama kioo cha mbele. Kikiwa kimesimama wima, kibanda cha dereva ni cha namna ya awali. Kikiwa kimeinama, juu kimetokeza mbele kuliko chini, ni cha namna iliyoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 1941. Kilielekezwa chini kusudi jua lisimwangaze dereva machoni, na mng'aro wake usionekane na ndege za adui.

Huenda msomaji mwingine akasema, “Bwana, haya yote ni kwa ajili ya kitu cha kuchezea?” Nami namjibu kwa kumkumbusha ile sanamu iliyoko Nairobi katika barabara ya Kenyatta, iliyosimamishwa mwaka 1928 kuwa ukumbusho wa Vita vya Kwanza. Pale wamo watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Waliomweka walijua kwamba vita vile vilibebwa kwa migongo ya watu, na wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Katika vita vya pili, sehemu kubwa ya mzigo ule iliondoka mgongoni mwa mpagazi ikapandishwa juu ya lori. Mwaka 1941 majeshi yalitoka Kenya kwa malori, yakaingia Mogadishu tarehe 25 Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Wapagazi wangalitembea miezi mingi kwa safari hiyo.

Halafu ikaja Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya majira ya mvua kubwa. Barabara ilikuwa tope, malori yalizama, na mara nyingi chakula kililetwa kwa kuangushwa na ndege. Tarehe 2 Disemba mji wa Kalewa ulitwaliwa, na siku chache baadaye mafundi wa jeshi wakatandaza daraja la chuma juu ya mto Chindwin, urefu wake futi 1,154. Vitabu hutaja majina ya majenerali waliovuka mto ule. Jina la dereva aliyevusha magunia hulioni. Kama halikuandikwa nyumbani kwake, halitaandikwa popote. Kwa hiyo lori hili la mezani ndilo sanamu ya dereva, na sanamu yataka ukweli.

Sasa kazi yenyewe. Nashauri kipimo cha 1 kwa 20, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: kila meta moja ya lori huwa sentimeta 5 za mfano. Ekseli za lori refu zitaachana sentimeta 20, na tairi litakuwa na kipenyo cha sentimeta 5.2 na unene wa sentimeta 1.3. Chora ubavu, uso na mgongo wa lori juu ya karatasi kwa ukubwa uleule wa mfano, kabla hujashika msumeno. Karatasi ikikosewa hutupwa. Ubao ukikosewa hununuliwa tena.

Fremu ifanye kwa vijiti viwili vya msonobari vilivyonyooka. Sakafu ya mizigo iwe ya plaiwudi, na kwetu Eldoret, mji wenye kiwanda cha kuifanya, vipande vyake si vigumu kupata kwa maseremala. Lakini angalia unene: plaiwudi ya milimita 3, ukiikuza mara 20, ni ubao wa sentimeta 6, nao ni mnene mno kwa ubavu wa lori. Mbao za ubavuni zifanye kwa kadi ngumu ya namna ya jalada la faili. (Makarani wenzangu, jalada hilo linunuliwe dukani, mali ya ofisi ibaki ofisini.) Kibanda cha dereva na boneti vikatwe kwa bati la kopo, vikunjwe juu ya ukingo wa ubao, vishikwe kwa lehemu. Bati hukata vidole kama wembe. Kwanza sugua kingo kwa msasa.

Matairi yapatikana katika ndara kuukuu, kwa kuwa unene wa soli yake wakaribia sana ule tunaoutaka. Kata mviringo kwa kisu kikali, kisha zungusha juu ya msumari na kuusawazisha kwa msasa. Kioo kitoke katika chupa ya maji ya plastiki. Matao ya turubai ni waya, na turubai lenyewe ni kitambaa cha amerikani kilicholowekwa katika chai ya rangi, ili weupe wa dukani uondoke. Watoto wetu waundao motokaa za waya wanajua kupinda waya kuliko sisi watu wazima. Mwite mmoja akusaidie, naye atajifunza hesabu bila kujua kwamba anafundishwa.

Rangi ya malori ya Burma ilikuwa kijani iliyoiva. Alama ya Divisheni ya 11 ilikuwa kichwa cha kifaru. Nambari za malori ya jeshi la Uingereza zilitanguliwa na herufi L. Hapa nakusihi sana: kama nambari yasomeka katika picha, inakili, kama haisomeki, acha mahali pake wazi. Usibuni. Nafasi iliyo wazi husema kwamba habari hii bado yatafutwa, na huenda jamaa mmoja akaja siku hiyo ya Disemba na cheti cha mzee mfukoni, chenye jina la kikosi chake.

Maonyo mawili nayo. Kwanza, mtu asiende kwenye kambi ya jeshi kupima au kupiga picha magari bila ruhusa. Ni kosa, hata kama nia yake ni njema. Makumbusho ya vita ya London, yaitwayo Imperial War Museum, yanazo picha za askari wetu huko Burma, na nyingi zaonekana katika intaneti. Pili, ukisikia mahali palipo na mabaki ya lori la namna hii katika shamba la mtu, omba ruhusa ya mwenyewe, ukapime upesi. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu hawana habari za Kalewa. Kwao fremu ile ni kilo tu. Daftari na futi ya kamba vyatosha, na kazi ni ya asubuhi moja.

Hali kadhalika, wapimeni wazee kwa maswali. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1944 alitimiza miaka 100 mwaka 2024, basi waliosalia ni wachache mno. Lakini wajane na watoto wao wangali nasi, na katika masanduku yao zimo picha na karatasi. Ukipewa picha, inakili siku hiyohiyo na kuirudisha, kisha andika nyuma ya nakala jina la mzee, kikosi, mahali na mwaka, kwa kadiri ijulikanavyo.

Mwisho, chini ya lori lako pigilia kibao kidogo. Juu yake usiandike jina la Chevrolet wala la Ford, kwa kuwa hao wana vibao vingi. Andika jina la dereva. Juma lijalo tutarudi kwenye meza za shule, na wale walioniuliza habari ya gundi isiyoharibiwa na mvua watapata jibu lao.