Waraka kwa Wanajumuiya: Maji Tuliyokabidhiwa

Ndugu zangu, wake kwa waume, wa jumuiya yetu ya maji,

Nawaandikia kwa mapenzi, na kwa huzuni pia. Visiwa vyetu vya Lamu vimezungukwa na bahari, na wazee wetu walijua kukaa nayo bila kufa kiu. Walijenga majabia ya kukinga mvua, wakayafagia kabla ya masika, na aliyeteka alimbakishia mwenzake. Leo majabia yana nyufa na yamejaa majani, ilhali wenyewe ni sisi. Tena wamo miongoni mwetu waliotia pampu visimani, wanavuta usiku kucha wauze kwa madumu. Tafadhalini tuelewane: maji matamu ya chini ya ardhi yetu yanaelea juu ya maji ya bahari. Yakishuka kisimani kwa mita 1, chumvi iliyo chini yaweza kupanda hata mita 40. Anayevuta kupita kiasi anamtilia jirani chumvi, na chumvi hiyo haitoki kwa msimu mmoja.

Wengine wanasema, bahari si ipo, tuisafishe. Ni kweli, wala si lazima tuwe matajiri. Kuchemsha tu hakusaidii, kwani mvuke huenda zake chumvi ikabaki. Mvuke huo ukinaswa, ndio maji yenyewe. Sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani, likatiwa maji ya bahari na kufunikwa kioo kilichoinama, hutoa lita 3 hadi 5 kwa siku ya jua kali kwa kila mita 1 ya mraba. Las Salinas, nchini Chile, tangu 1872 walipata zaidi ya lita 20,000 kwa siku kwa njia hiyo. Na hapa kwetu Kiunga, mtambo wa umeme wa jua ulianza kuchuja maji ya chumvi 2018. Lakini kioo kisipofutwa na chumvi isipomwagwa, sanduku hufa. Ndiyo maana nimeumia kusikia mifereji ya kukingia matone katika masanduku yetu ya namna hiyo imeng'olewa, na michango ya vipuri imekosekana kwa watu wenye uwezo. Si tuliahidiana kwamba mjane na mwenye jahazi watateka sawa?

Nawasihi, kabla ya masika kila mtaa ufagie jabia lake, na wenye pampu wavipumzishe visima usiku. Aliyechukua mfereji aurudishe msikitini, hataulizwa neno.