KUFUNGUA SHULE BAADA YA MAFURIKO: WAJIBU WA MWALIMU WA DARASA

Maji ya mafuriko yakishapungua, wazazi, viongozi na walimu huulizana swali moja: shule ifunguliwe lini? Katika makala haya tunapenda kudai kwamba swali hilo, ijapokuwa ni la lazima, halitoshi. Swali linalompasa mwalimu ni hili: shule ifunguliwe kwa masharti gani, na nani ayathibitishe masharti hayo? Tunalielekeza kwa wanachuo wa ualimu kwa sababu wengi wao watapangiwa vijijini, mahali ambapo mhandisi na afisa afya wako mbali, na macho ya kwanza kuliona jengo lililofikiwa na maji yatakuwa yao.

Mvua za masika za mwaka 2024 zinatosha kuwa kielelezo. Nchini Kenya muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Ukasogezwa hadi tarehe 6 Mei, ukaahirishwa tena, na mwishowe shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Hapa Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge tarehe 25 Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha, na watu wapatao 200,000 walikuwa wameathirika. Kabla ya hapo, tarehe 12 Aprili, basi la shule lilisombwa na maji jijini Arusha likiwa na watoto waliokuwa wakielekea shuleni asubuhi, na baadhi yao wakafariki.

Tukio hilo la Arusha latufundisha jambo kubwa. Watoto wale hawakuangukiwa na ukuta, wala hawakunywa maji machafu ya kisima cha shule. Mauti yaliwakuta njiani. Kwa hiyo mwalimu anayekagua darasa lake, akaliona kavu, kisha akatangaza kwamba shule i salama, amekagua nusu tu ya shule. Shule ya mtoto huanzia mlangoni kwao.

Njia kabla ya darasa

Tunapendekeza kwamba kabla ya siku ya kufungua, kila mwalimu wa darasa aandike njia zote ambazo wanafunzi wake huzipita, na vivuko vyote vilivyomo. Kazi hiyo si kubwa kama inavyodhaniwa. Darasa la watoto 60 aghalabu huwa na njia nne au tano tu. Kila njia ipitiwe kwa miguu na mtu mzima: mwalimu, mjumbe wa kamati ya shule au mzazi anayeaminika. Palipo na daraja la magogo, korongo au mto, yaandikwe majibu ya maswali matatu: Je, maji yanapita juu ya njia? Je, kingo zimemeguka? Je, kuna njia nyingine ya kuzunguka?

Inafaa mwanachuo akumbuke kipimo kimoja. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimeta 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimeta 30 zaweza kulisukuma gari dogo, na sentimeta 60 huyabeba magari mengi. Mtoto wa darasa la pili hana uzito wa kushindana na nguvu hiyo. Basi kanuni iwe nyepesi na isiyo na mjadala: maji yakivuka njia, mtoto havuki, na kutofika kwake siku hiyo kusihesabiwe kuwa utoro.

Lipo pia suala la kuwarudisha nyumbani, ambalo walimu wengi hulisahau. Mvua ikianza saa sita mchana, desturi yetu ni kugonga kengele na kuwaruhusu watoto wawahi. Historia ya nchi za baridi inatupa onyo. Tarehe 12 Januari 1888, katika mbuga za Dakota na Nebraska nchini Marekani, siku ilianza kwa joto lisilo la kawaida na watoto wakaenda shuleni bila makoti mazito. Ghafla tufani ya theluji ikavuma. Inakadiriwa kwamba watu 235 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto waliokuwa wakitoka shuleni kurudi makwao. Mwalimu kijana, Minnie Freeman, aliwabakiza wanafunzi wake darasani hadi paa lilipong'olewa na upepo. Hapo ndipo alipowaongoza wote pamoja hadi kwenye nyumba ya jirani, nao wote wakapona.

Theluji si mvua, na Nebraska si Rufiji, lakini kanuni ni ile ile. Mtoto aliye ndani ya jengo imara, chini ya uangalizi wa mwalimu, mara nyingi yu salama kuliko mtoto aliyeruhusiwa kukimbia peke yake kuelekea mtoni. Yatupasa kuacha mazoea ya kuitumia kengele ya kuondoka kama dawa ya kila hatari.

Maji, vyoo na majengo

Ugonjwa huja baada ya mafuriko bila kelele. Mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoanza, Tanzania ilipata wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000. Shule yenye kisima kilichofunikwa na mafuriko haina maji ya kunywa hata kama kisima kimejaa pomoni. Maji hayo yasitumiwe mpaka kisima kikaushwe, kitiwe dawa, na afisa afya akiidhinishe. Kabla ya hapo watoto waje na maji yaliyochemshwa nyumbani, au shule ichemshe. Choo cha shimo kilichofurika kihesabiwe kuwa kimefungwa, kwa kuwa kinyesi kimekwisha kuenea uwanjani na kingo za shimo zaweza kuporomoka. Shule isiyo na choo wala maji safi isifunguliwe, hata kama mbao zake ni safi na walimu wake wote wamefika.

Kuhusu majengo, ukaguzi uanzie nje. Mwalimu azunguke jengo zima kabla ya kuingia. Atazame msingi uliochimbwa na maji, nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, na paa lililolegea. Mlango uliokuwa ukifunguka vyema na sasa umekaza ni dalili kwamba ukuta umesogea. Kuta za matofali mabichi ni za kuogopwa zaidi, kwa sababu hupoteza nguvu zikilowa na huchelewa kukauka ndani hata baada ya uso wake kukauka. Shule yenye umeme izimwe swichi kuu mpaka fundi apite. Madawati, makabati na mashimo ya kuta yakaguliwe kwa fimbo ndefu, kwani nyoka nao hukimbia mafuriko na kutafuta mahali pakavu.

Nani asafishe tope?

Hapa ndipo tunapotofautiana na walimu wengi tunaowaheshimu. Aghalabu siku ya kwanza ya kufungua hugeuzwa kuwa siku ya usafi: watoto huagizwa waje na majembe, ndoo na mifagio, nao huingia katika tope kwa miguu mitupu. Wanaotetea jambo hili husema kwamba ni Elimu ya Kujitegemea, iliyoasisiwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na kwamba mtoto asiyezoezwa kazi hulelewa vibaya.

Hatuikatai kazi. Bustani ya shule, kufagia darasa na kupanda miti ni sehemu ya malezi, na tunawahimiza wanachuo waisimamie kazi hiyo kwa bidii. Lakini tope la mafuriko si udongo wa bustani. Limechanganyika na kinyesi, vipande vya chupa, misumari na mkojo wa panya. Ndani yake kuna vimelea vya magonjwa ya kuhara na vya homa ya panya. Elimu ya Kujitegemea ilikusudia mtoto ajifunze kuilinda jamii yake, na haikukusudia awe ngao ya watu wazima.

Tunashauri mpango ufuatao:

(a) Tope litolewe na watu wazima waliovaa viatu vya mpira, siku mbili au tatu kabla ya kufungua, kwa wito wa serikali ya kijiji.

(b) Sakafu na madawati yaoshwe kwanza kwa sabuni na maji safi, kisha yapanguswe kwa dawa ya klorini. Dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia.

(c) Watoto wapewe kazi zinazowafaa baada ya hapo: kupanga vitabu juani, kukausha chati, kunawa mikono kwa zamu na kusimamiana.

Siku ya kwanza darasani

Tukiwa katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, tumeona wanachuo wenye maandalio mazuri ya somo wakiingia darasani baada ya mafuriko na kuendelea na mada pale ilipokatikia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunawaelewa, kwa sababu andalio la somo ndilo walilofundishwa kulitegemea. Lakini siku hiyo kitabu cha kwanza cha mwalimu ni daftari la mahudhurio.

Majina yaitwe taratibu, kisha yagawanywe katika orodha tatu: waliopo, wasiokuwapo ambao habari zao zinajulikana, na wasiokuwapo ambao hakuna ajuaye waliko. Orodha ya tatu ifikishwe siku hiyo hiyo kwa Mwalimu Mkuu na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Pengine mtoto amehamia kwa shangazi yake. Pengine familia nzima imekwama ng'ambo ya mto, na jina lililoitwa bila kuitikiwa ndiyo habari ya kwanza kufika serikalini.

Mtoto aliyefiwa au aliyepoteza nyumba asilazimishwe kusimulia. Tunapinga hasa zoea la kuandikisha insha ya "Siku ya mafuriko" katika juma la kwanza. Anayetaka kusema asikilizwe, na anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Asiadhibiwe mtu kwa kukosa sare, daftari au viatu, wala usitajwe mchango wowote mbele ya darasa. Mambo yaliyozoeleka humtuliza mtoto kuliko hotuba: wimbo wa asubuhi, hadithi, hesabu rahisi na mchezo wa mduara.

Baada ya siku chache mafuriko yenyewe yaweza kuwa zana ya kufundishia. Katika hali yetu ya joto, mbu hutoka katika yai mpaka kuruka kwa muda wa juma moja hadi mawili. Basi somo la Sayansi kuhusu mbu lifundishwe mapema katika juma la kwanza, na somo hilo liishie kwa kutazama madimbwi yaliyo nje na kuwaeleza watu wazima yapi yafukiwe, kabla malaria haijabisha hodi. Alama ya maji iliyobaki ukutani ni somo la vipimo. Ile orodha ya njia na vivuko ni somo la ramani.

Hoja mbili za kujibiwa

Hoja ya kwanza ni kwamba tahadhari zote hizi zitachelewesha silabasi. Nasi twakiri kwamba shule kukaa imefungwa ni hasara. Shule zetu zilifungwa kwa ajili ya UVIKO-19 tarehe 17 Machi 2020, na wanafunzi wa shule za msingi wakarudi tarehe 29 Juni. Mtoto anayekaa nje ya darasa kwa miezi mitatu hupoteza masomo, na binti aghalabu hupoteza zaidi. Ndiyo maana hatusemi shule ifungwe mpaka kila ufa uzibwe. Tunasema kilicho salama kifunguliwe mapema. Vyumba vitatu vikiwa imara kati ya saba, wanafunzi waingie kwa zamu za asubuhi na alasiri. Familia zikiwa zimehifadhiwa shuleni, kama ilivyokuwa katika eneo la Katesh baada ya tope la Mlima Hanang kuporomoka tarehe 3 Desemba 2023, mwalimu azungumze nazo kwa heshima juu ya vyumba na vyoo, maana wengi wao ni wazazi wa wanafunzi wake. Azimio la kazi nalo lipangwe upya: kusoma, kuandika na kuhesabu kwanza, mada nyingine zifuate. Kukimbiza mada mbele ya watoto wenye njaa hakuitwi kumaliza silabasi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanachuo hutuambia: "Tarehe ya kufungua hutoka juu. Sisi ni nani hata tuipinge?" Jibu letu ni kwamba tarehe itokayo juu hutangaza ruhusa ya kufungua. Haiwezi kujua kwamba daraja la magogo la kijiji fulani limeondoka usiku. Anayelijua hilo ni mwalimu aliye karibu, na kunyamaza kwake si utii. Aandike taarifa fupi kwa Mwalimu Mkuu, na nakala ifike kwa Afisa Elimu Kata: ameona nini, wapi, lini, na anapendekeza nini. Maandishi hayo manne hayamvunjii mtu heshima.

Tunajua kwamba mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huogopa kuonekana mkaidi, kwa kuwa shule inayompokea huandika maoni juu yake. Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakufunzi wenzetu: tuingize ukaguzi wa njia, maji, vyoo na majengo katika fomu zetu za tathmini, ili mwanachuo anayetoa taarifa ya hatari apate alama kwa kuitoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Ufa wa kwanza kuzibwa ni ule wa mwalimu kuiona hatari na kungoja mwingine aiseme.