Mimi Mzima, Hofu Kwako



Wale mliowahi kuandika au kuandikiwa barua kwa mkono mnaukumbuka ule mwanzo wake: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Shuleni tulifundishwa hivyo, na bibi zetu waliosomewa barua na wajukuu waliusubiri hivyo hivyo. Barua isiyo na "mzima" ilitisha kabla haijasomwa hadi chini. Sasa barua zimekwisha, lakini lile neno tumelihamishia kwenye WhatsApp, na kwa maoni yangu limeanza kutuumiza.

Mimi nakaa upande wa Etterbeek, karibu na Place Jourdan, na safari zangu nyingi zinapita Schuman. Kwa ambaye hajafika Brussels, huu ndio mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya. Jengo la Berlaymont liko pale na bendera zake zimepangwa mstari, na ukitembea kidogo unafika Place du Luxembourg, mbele ya Bunge, ambako Alhamisi jioni watu wa ofisini wanajaa na glasi mkononi mpaka barabarani. Njoo Jumapili sasa! Utadhani watu wamehama.

Basi kuna picha moja ambayo karibu kila mmoja wetu anayo: umesimama mbele ya zile bendera, koti limefungwa vizuri, tabasamu la nguvu. Ikishafika kwenye grupu la ukoo kule Tanga, Kisumu au Goma, mjomba anahitimisha kwamba mtoto wetu yuko Umoja wa Ulaya. Na kweli wapo wenzetu walioko humo ndani, ila wanaingia alfajiri na ndoo na fagio, wanatoka kabla wenye tai hawajafika, halafu wanakimbilia darasani. Sheria ya hapa inamruhusu mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya kufanya kazi masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ni kazi, sina dharau nayo. Ninachouliza ni kwa nini nyumbani hawaijui.

Jamaa mmoja ninayemfahamu (jina nalihifadhi, hata nchi yake) alifeli mwaka wake wa kwanza. Huku kufeli si aibu tu. Kibali cha kukaa kinahuishwa kila mwaka, na wanaangalia pia umepata krediti ngapi. Kwa hiyo alikuwa halali usingizi, na nyumbani akawa anasema mzima, masomo yanaendelea. Mwezi huo huo wa Novemba baba yake akapigwa na kiharusi. Ukoo ukakaa, ukakubaliana asiambiwe mpaka amalize mitihani ya Januari, asije akachanganyikiwa. Akipiga, mzee amelala. Akipiga tena, mzee ameenda shamba. Yeye naye, bwana, alishukuru kimoyomoyo, maana mzee ndiye angemuuliza habari za matokeo.

Kiharusi cha kwanza kilimwacha mzee anaongea. Cha pili, wiki nane baadaye, kikamnyang'anya maneno. Jamaa aliyajua yote siku mtoto wa dada yake alipochukua simu na kusema babu hawezi tena kuongea. Mzee yu hai hadi leo na anamtambua mwanawe kwenye video, anainua mkono mmoja. Zile wiki nane ndizo ambazo mtu hawezi kurudishiwa.

Najua majibu ya wazee, na si ya kupuuza. Wanasema: ungemwambia angefanya nini, nauli hana, visa ina masharti yake, angefeli tena. Kwetu Waislamu maiti hazikwi baada ya kumsubiri mtu wa Ulaya, mara nyingi ni siku hiyo hiyo, sasa habari ya saa hiyo itamsaidia nini? Mimi nasema itamsaidia kusoma dua yake saa ile ile wanayosoma wenzake. Na kwa wenzetu wa Kenya ambao msiba huchukua wiki nzima au zaidi, watu wakichanga na kupanga, mtu akijua mapema anaweza hata kukopa akawahi. Kumficha ni kumwamulia. Na sisi tukificha kwamba tumefeli, tumefukuzwa chumba au tunashindia mkate, tunawaamulia wazazi vivyo hivyo.

Neno "mzima" lina kazi yake, lisichezewe. Tarehe 22 Machi 2016 mabomu yalilipuka uwanja wa ndege wa Zaventem na kwenye metro ya Maelbeek, stesheni moja tu kutoka Schuman, yakaua watu 32. Laini za simu zilizidiwa mpaka serikali ikawaomba watu watume ujumbe badala ya kupiga. Siku ile ujumbe wa "mimi mzima" ulikuwa na thamani kuliko pesa yoyote. Lakini kama tunalituma kila wiki hata tukiwa wagonjwa, siku ya namna ile mama ataliaminije?

Ninachopendekeza ni kidogo. Kwanza, chagueni mtu mmoja nyumbani, shangazi, mama mdogo, kaka, yeyote mwenye kifua, mkubaliane kwa maneno wazi: baya likitokea ataniambia siku hiyo hiyo, hata niwe na mtihani kesho, nami yangu nitamwambia yeye. Mjomba wa kwenye grupu abaki na bendera zake, hakuna ubaya. Pili, iwepo simu moja kwa wiki isiyotajwa hela kabisa. Ya ada za wadogo zetu na M-Pesa ipigwe siku nyingine, la sivyo baba atajifunza kuiogopa simu yako, na wewe yake.

Mimi yangu ni Jumapili saa nane mchana, baada ya chakula. Majira ya joto kule Afrika Mashariki inakuwa saa tisa, majira ya baridi saa kumi, bado mchana na wazee hawajaenda kulala. Wa Goma, Bukavu, Kigali na Bujumbura mnapata nafuu zaidi: kiangazi saa zenu na za hapa ni zile zile, baridi mnatangulia kwa saa moja tu. Saa za Brussels zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo waambieni nyumbani wiki moja kabla, maana bimkubwa wangu mwaka jana alikaa na simu mapajani saa nzima akidhani nimepatwa na jambo.