Nguvu ya Rafiki Haitoshi

Ndugu zangu wa Ihanda na Mbozi nzima, reli ya TAZARA ipitayo Mlowo na Vwawa kwenda Tunduma haikuzaliwa na biashara peke yake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na shaba ya Zambia, iliyopita kwao kwenda baharini, ikawa rehani. Benki ya Dunia na wakubwa wa Magharibi walikataa kugharamia njia nyingine, wakidai haitalipa. China, maskini wa wakati ule, ikakubali. Mkataba ukatiwa saini 1967. Kilomita 1,860 zikakabidhiwa 1976.

Miaka hiyohiyo China ililifunza na kulipatia silaha Jeshi la Wananchi, lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo. Nyerere na Kaunda wa Zambia hawakutenganisha uchumi na ulinzi: asiye na njia ya kuuzia mali yake hana uhuru wa kulinda.

Leo maskini yule ni tajiri wa pili duniani. Manowari zake zinatia nanga Djibouti, ilikofungua kituo cha kijeshi 2017. Mwaka 2024 askari wake walifanya mazoezi na wetu pamoja na wa Msumbiji, na Septemba hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ikasainiwa Beijing mbele ya Marais Samia, Hichilema wa Zambia na Xi wa China.

Wapo wanaoshangilia, wapo wanaoogopa. Mimi nawauliza wote: sisi tumejiandaaje? Reli ile ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, haikuwahi kuzifikisha. Ubaguzi ulipoanguka Afrika Kusini 1994, shehena zikapata njia nyingine, nasi tukaacha mabehewa yachakae. Hilo halikuwa kosa la Mchina. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Basi tuamke. Mkulima, jiunge na wenzako muivune kahawa iliyoiva, muichakate vizuri na kuiuza kwa bei yake, ili treni ikifufuka iikute shehena yetu. Mbunge, usome mkataba wa reli kabla ya kuupigia makofi, ututajie deni, muda na ajira zetu. Kijana wa mpakani, ukipitisha magendo kwa njia za panya unaitoboa ngome ambayo hakuna kifaru kitakachoiziba. Rafiki mwenye nguvu atamheshimu mwenzake anayejua anachotaka, asiyejua atapangiwa. Tuamue sasa, kabla hatujaamuliwa.