Mtoto afundishwe kuvua, asiachwe ajifundishe mwenyewe

MAONI



Kila likizo inapokaribia, sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunapita nyumba kwa nyumba na ujumbe mmoja: mkataze mtoto kwenda ziwani. Ujumbe huo ni mzuri, lakini ni nusu ya kazi. Base Camp, Juru na Rubondo, wazazi wanakataza na watoto wanakwenda. Wanakwenda kwa kificho, bila mtu mzima, na wanachukua kitu chochote wanachoweza kuvulia.

Maoni yangu ni haya. Mtoto anayekaa karibu na ziwa hawezi kufichwa ziwa. Afadhali afundishwe kuvua na mtu mzima anayejua, kwa ndoana, akiwa amesimama nchi kavu. Habari ya kuwinda porini nitaisema mwishoni, kwa sababu hiyo ina hukumu yake.

Kwanza tuseme ukweli kwa nini wanakwenda. Mwaka 2023 chakula cha WFP hapa Uganda kilianza kugawiwa kwa makundi matatu kulingana na hali ya familia, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kwenye orodha. Mtoto haelewi makundi. Anaelewa kwamba sufuria imepungua, na kwamba akirudi na ngege wawili mama atacheka. Ni vigumu kumwambia mtoto huyo kwamba amefanya ubaya. Na samaki ni chakula kizuri kweli. Ana protini ya kujenga mwili, na wale wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao wanaleta madini ya kuimarisha mifupa na damu. Mhudumu wa afya anayesema samaki ni wabaya atakuwa anadanganya.

Kilichobadilika ni mwalimu. Wengi wetu tumetoka pembeni ya Tanganyika: Uvira, Baraka, Fizi, na ng'ambo ya Burundi kule Rumonge. Kule mtoto hakuanza kwa kupanda mtumbwi. Alianza kwa kuanika ndakala juu ya mchanga, akafuata kushona nyavu zilizopasuka, kisha akajifunza kutoa maji yanayoingia chomboni. Alijua kwamba usiku wa giza ndio wa taa na ndakala, na mwezi ukiwa mkubwa watu wanapumzika. Alijua upepo gani unaleta mawimbi kabla hajashika kasia. Miaka ilipita, na muda wote huo alikuwa chini ya macho ya baba, mjomba au kaka mkubwa.

Hapa mnyororo huo umekatika. Wengine baba zao walibaki vitani. Wengine baba yupo, lakini ziwa hili si lake, hivyo anaona hana la kufundisha. Mtoto wa miaka 8 anafundishwa na mwenzake wa miaka 10. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wetu hapa ni ziwa lenye viboko, na somo lake halirudiwi.

HATARI TATU

Hatari ya kwanza ni kufa maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5, na karibu mmoja kati ya 5 alikuwa na miaka 5 hadi 14. Shirika hilo halisemi kukataza tu. Linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea, usalama wa majini, na namna ya kumwokoa mwenzao bila kujitumbukiza. Hapa hatuna bwawa safi la kufundishia kuogelea. Lakini hayo mengine mawili hayahitaji bwawa. Yanahitaji mzee mmoja na asubuhi moja.

Hatari ya pili ni kichocho, ambacho wengine mnakiita bilhazia. Mgonjwa akijisaidia ndani ya maji au kando yake, mayai ya mdudu yanaanguliwa na kuingia katika konokono wadogo wa maji yaliyotulia. Baadaye vijidudu vinatoka kwa konokono, hasa mchana jua likiwa kali, na vinapenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Hakuna kidonda wala maumivu makubwa ya kukushtua. Miezi inapita, tumbo linauma, damu inaonekana katika choo au mkojo, na kwa wengine ini linavimba. Ugonjwa huu unajulikana Tanganyika, Ziwa Albert na Ziwa Victoria. Hata kama jirani anakuambia kwamba maji ya hapa ni salama, usimtumie mtoto wako kama kipimo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inaua wadudu walioko mwilini. Lakini haizuii wengine kuingia kesho mtoto akirudi kusimama majini.

Hatari ya tatu tunaibeba kutoka nyumbani wenyewe: chandarua. Mtoto asiyepewa ndoana anachukua chandarua, kwa sababu kinakusanya samaki haraka. Hapo familia inapata hasara mara tatu. Usiku watoto wanalala bila kinga na malaria inaingia. Dawa iliyomo katika chandarua ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo wa majini, na maji haya haya ndiyo yanayovutwa na kusafishwa ili tuyanywe. Tena matundu yake madogo yanachukua vifaranga vya samaki kabla havijakua. Ngege jike anabeba mayai na watoto wake ndani ya mdomo mpaka waweze kujitegemea. Ukikokota chandarua pale kwenye majani ya ukingoni, unamaliza samaki wa mwaka ujao. Sheria ya uvuvi ya Uganda pia inakataza nyavu za namna hiyo, na mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia sheria hiyo maziwani. Mtoto asitiwe katika ugomvi huo.

JINSI YA KUMFUNDISHA

Mimi ni kijana, na sina haki ya kumwonyesha mzee wa Tanganyika namna ya kutupa ndoana. Ninachoomba ni kwamba yeye mwenyewe amwonyeshe mtoto, na sisi wa afya tuongeze haya:

1. Uliza kwanza. Kabla ya kwenda, mtu mzima amwone kiongozi wa RWC na wasimamizi wa uvuvi, ajue mahali panaporuhusiwa na kama kibali kinatakiwa. Ziwa hili ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivale, iliyoandikishwa katika mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Lina wenyewe na lina sheria.

2. Mtu mzima mmoja asichukue zaidi ya watoto watatu, na asiwe mlevi wala mtu wa kuondoka kidogo "nitarudi sasa hivi".

3. Mtoto asimame nchi kavu, mahali pa wazi. Asiingie majini hata kama ndoana imenasa. Ndoana ni ya bei ndogo. Kata uzi, uende zako.

4. Chagua saa. Viboko hutoka usiku kula majani na kurudi majini alfajiri. Basi msiende gizani, alfajiri wala jioni. Msikae kwenye njia yao, na kamwe msisimame kati ya kiboko na maji. Asubuhi jua likishapanda inatosha. Iwe Jumamosi au likizo, si siku ya shule.

5. Bebeni kamba na jerikeni tupu lililofungwa kifuniko. Mtu akianguka majini, mtupieni jerikeni lililofungwa kamba, mumvute, na mpige kelele za msaada. Mtoto afundishwe sentensi hii mpaka aiote: tupa, usiruke.

6. Ndoana ikimchoma mtu, msiivute kwa nguvu. Nendeni kituo cha afya, kwa sababu kidonda cha chuma chenye kutu na matope kinaweza kuleta pepopunda.

7. Kujisaidia ni chooni tu. Samaki aliyekutwa anaelea amekufa haliwi. Huenda ametiwa sumu.

8. Samaki mdogo anarudishwa majini. Hapo ndipo mtoto anajifunza kwamba kesho pia ipo.

Wasichana wasisahauliwe. Wao ndio wanaotumwa mara nyingi kuteka maji na kufua, kwa hiyo wako ukingoni kuliko wavulana. Kama somo la usalama ni la wavulana tu, tumefundisha nusu ya watoto.

Jambo moja lisichanganywe. Kumfundisha mtoto si kumtuma kazi. Mtoto wa kukokota nyavu usiku kwa mshahara wa tajiri wa mtumbwi haufundishwi uvuvi, anatumiwa. Sheria ya watoto ya Uganda inakataza kumtia mtoto katika kazi inayodhuru afya yake au masomo yake.

NA KUWINDA JE?

Wazee kutoka Fizi, Masisi na Walikale wanasema hata kuwinda kulikuwa shule ya kijana. Ni kweli. Mwindaji alijua nyayo, alijua upepo unatoka wapi, na alijua kunyamaza saa nzima. Hayo ni mafunzo makubwa. Lakini hapa sisemi kama nilivyosema kuhusu ndoana. Watoto wasipelekwe kuwinda, wala wasiachwe wazurure porini na mbwa, manati na mitego ya waya.

Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, na karibu yetu kuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iliyoundwa mwaka 1983. Baba anaweza kufungwa kwa ajili ya swala mmoja.

Sababu ya pili ni magonjwa. Ebola, iliyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976 kule Yambuku katika Kongo yetu, inaweza kumwingia mtu anayegusa mnyama wa porini mwenye virusi, na kisha ikapita kutoka mtu kwa mtu. Wengi hapa wanakumbuka mlipuko wa 2018 hadi 2020 uliopiga hasa Kivu Kaskazini na Ituri, ambako watu 2,287 walikufa. Ugonjwa wa mpox nao ulitambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1970, kwa mtoto mchanga wa Kongo. Kuna kimeta pia, kinachokaa katika mzoga. Mtoto akikuta mnyama amekufa asimguse, asimchune, aje kusema.

Lakini akili ya mwindaji isizikwe pamoja na mitego. Mzee anaweza kumfundisha mjukuu nyayo, sauti za ndege na majani bila kuua kitu. Na nyama ndogo ipo kwa njia nyingine. Kule Kivu watoto wengi walifuga simbilisi, ambao wengine mnawaita dende, na walijua kuwakatia majani kila asubuhi. Kibanda cha miti nyuma ya nyumba kinatosha kwa simbilisi au sungura. Mtoto anapata uvumilivu ule ule, na nyama inafika mezani bila hofu.

Najua wapo watakaosema nimewafungulia watoto mlango wa ziwa. Mlango huo haukuwahi kufungwa. Ulikuwa wazi, na hakukuwa na mtu mzima aliyesimama hapo. Wapo pia watakaosema hawana muda. Siombi kila siku. Naomba Jumamosi moja kwa mwezi.

Wazee mnaojua nyavu na upepo, jiandikisheni kwa kiongozi wa RWC wa mtaa wenu au mtuambie sisi wahudumu wa afya tunapopita. Sisi tutaleta somo la kichocho na la kuokoa mtu majini. Ninyi mtaleta ndoana na yale mliyofundishwa na baba zenu. Watoto watakuja wenyewe, hao hawahitaji kuitwa.