MAONI YETU: Kabla ya kununua baiskeli ya umeme, hesabu meno ya gia

Msimu wa mavuno unapofika, anayesimama asubuhi kwenye barabara ya Kakese au ya Mwamkulu kuelekea Mpanda mjini haoni malori kwanza. Anaona baiskeli. Gunia la mpunga limelazwa kwenye keria, pembeni kuna dumu la maji, na mwenye mali anasukuma kwa miguu kwa sababu kwenye mchanga pedeli haizunguki. Ni picha ya miaka mingi, tangu enzi za baiskeli za Swala zilizotengenezwa hapa nchini hadi za leo zinazotoka China na India.

Sasa kuna baiskeli za mizigo zenye mota na betri. Nchini Zimbabwe, mradi wa Mobility for Africa ulianza mwaka 2019 kuwapatia wanawake wa vijijini baiskeli za umeme za magurudumu matatu zinazochajiwa kwa nguvu za jua. Jinja, Uganda, nako baiskeli za umeme zimejaribiwa kwa kazi za kila siku. Si ajabu basi kwamba wakulima na vyama vya msingi vya Katavi nao wameanza kuuliza bei.

Tunaunga mkono, ila tuna wasiwasi na swali linaloulizwa kwanza. Wengi wanauliza betri inakwenda kilometa ngapi. Ni swali la haki, lakini kwa mwenye gunia swali la kwanza ni gia.

Tufanye hesabu. Gunia moja tuseme ni kilo 100, ingawa kila mtu Katavi anajua kwamba lumbesa haijafa licha ya kupigwa marufuku, na gunia la lumbesa halina uzito unaoeleweka. Mwendeshaji kilo 65. Baiskeli imara pamoja na mota na betri, kilo 35. Jumla kilo 200. Kuupandisha uzito huo kwenye mlima unaoinuka mita 6 kwa kila mita 100, katika barabara ya vumbi, kwa mwendo wa kilometa 8 kwa saa, kunahitaji takriban wati 370 zifike kwenye tairi. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga saa nzima hutoa wati 75 hadi 100. Zinazobaki zitoke kwenye mota.

Hapo ndipo mnunuzi anaponaswa. Baiskeli nyingi za umeme zilizopo sokoni duniani zimetengenezwa kwa kufuata sheria ya Ulaya, ambayo inaruhusu mota ya wati 250 na inaitaka iache kusaidia ikifika kilometa 25 kwa saa. Ni vyombo vya mtu anayekwenda ofisini kwenye lami. Mota ya aina hiyo ikiwa ndani ya kitovu cha gurudumu imesukwa izunguke kwa kasi. Ukiilazimisha kupanda mlima kwa kilometa 8 kwa saa, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto badala ya mwendo. Nyingine zina gia ndogo za plastiki ndani yake, na joto likizidi meno yake hukatika. Muuzaji atasema umepakia kupita kiasi, na hatakuwa amekosea.

Mota ziko za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni hiyo ya kwenye kitovu. Faida yake ni kwamba haivuti kupitia cheni. Cheni ikikatika mota bado inakufikisha nyumbani, na mota ikifa bado una baiskeli ya kawaida. Ya pili inakaa katikati, kwenye krenki, na kuvuta kupitia cheni ileile ya miguu. Hii inapanda milima vizuri zaidi, kwa kuwa inatumia gia za baiskeli na inaendelea kuzunguka kwa kasi inayoifaa hata gurudumu likienda polepole. Lakini cheni, sproketi na friweli zinabeba nguvu ya mtu na ya mota kwa pamoja, na vumbi la Katavi linamalizia kazi.

Kwa anayetoa mpunga Mwamkulu, au mahindi Katumba, kwenye njia zisizo na milima mirefu, sisi tungechagua mota ya kitovu cha nyuma, iliyosukwa kwa mwendo wa polepole, na cheni moja nene isiyobadilisha gia. Tunasisitiza nyuma. Mota ya gurudumu la mbele ni rahisi kufunga, lakini gunia liko nyuma, na kwenye mchanga gurudumu la mbele lisilo na uzito linazunguka bure. Tena ekseli ya mota hutaka kujizungusha kwenye uma. Isipofungwa mkono wa chuma wa kuizuia, hutoka mahali pake na kukata nyaya.

Kwa anayeshuka na kupanda ukingo wa bonde kuelekea Karema, Ziwa Tanganyika, hali ni tofauti. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mpanda iko juu zaidi kwa mamia ya mita. Hapo mota ya katikati ina haki yake, mradi iwe na gia mbili au tatu na mmiliki awe tayari kununua cheni mara kwa mara. (Na breki! Anayefikiria kupanda tu na mzigo wa kilo 100 bila kufikiria kushuka, tunamwombea.)

Gia zipi? Zile za kurusha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine zinatumia cheni nyembamba na kijimkono kinachoning'inia karibu na ardhi. Baiskeli ikianguka mara moja na gunia, kinapinda. Gia zilizofichwa ndani ya kitovu zinakwepa vumbi, lakini nyingi zina kikomo cha nguvu kilichowekwa na mtengenezaji, na mnunuzi adai kukiona kwa maandishi. Njia ya tatu imeonyeshwa na baiskeli ya Buffalo inayotumika Zambia, Kenya na Malawi. Toleo lake lililotoka mwaka 2023 halina mota, lakini lina cheni mbili na friweli mbili, na gia inabadilishwa kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo. Hakuna waya wala kijimkono. Fundi wa chini ya mwembe anaielewa kwa kuitazama.

Hata asiye na uwezo wa kununua mota leo anaweza kufaidika na hesabu ya meno. Baiskeli ya kawaida yenye meno 48 mbele na 20 nyuma inasogea zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa kilometa 8 kwa saa miguu inazunguka mara 26 tu kwa dakika, na magoti ndiyo yanayolipa. Weka meno 32 mbele na 22 nyuma, utazunguka mara 43 kwa mwendo uleule. Ni mabadiliko ya vipuri viwili na cheni iliyofupishwa, na mota yoyote itakayofungwa baadaye itakushukuru.

Kuhusu cheni, tabia moja iachwe. Oili chafu ya injini inayopakwa kwenye cheni inashika vumbi na kuwa msasa. Futa kwanza kwa kitambaa, tia matone machache ya oili safi, futa tena. Kisha pima kwa rula: kwenye cheni mpya, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Urefu huo ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni mpya kabla haijala meno ya sproketi, ambayo ni ghali zaidi.

Ombi letu kwa vyama vya msingi ni kwamba visitie saini ya mkopo wa baiskeli kumi kwa kuangalia picha. Vikodishe au kununua mbili, za aina mbili tofauti, vizipakie gunia la kweli, vizipeleke kwenye mlima wa kweli mwezi wa kiangazi na tena wakati wa masika kwenye tope la mbuga. SIDO na VETA waitwe waangalie mota ikifunguliwa. Na muuzaji aulizwe jambo moja kabla ya yote: cheni, friweli na gia za ndani za mota zinapatikana Mpanda mjini, au mkulima atasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam huku mpunga ukinyeshewa shambani? Kama vipuri haviko Mpanda, aende akavilete kwanza, kisha ndipo bei izungumzwe.