Aliyeumizwa na Bidhaa Mbovu Asiachwe Peke Yake

Moto wa gesi unapomwunguza mama jikoni, huko Mwanjelwa au Ipogolo, kwa sababu mpira wa jiko ulitoka dukani ukiwa mbovu, majirani husema ni bahati mbaya. Mwenye duka huleta fedha kidogo za pole, karatasi hutiwa sahihi, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Hivyo ndivyo haki ya mnyonge inavyouzwa, tena kwa bei ya kutupa.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema, na misitu ya Nyanda za Juu Kusini yalihitaji. Lakini kila mtungi unaopanda kwenda Tukuyu au Mafinga hufuatwa na mipira na regulata, na wapo wafanyabiashara ambao faida kwao ni kubwa kuliko maisha ya mnunuzi.

Sheria haiko kimya. Bibi maskini wa Scotland, May Donoghue, alidai kuwa mwaka 1928 alidhurika kwa kinywaji cha tangawizi kilichokuwa na konokono ndani ya chupa. Aliyekinunua ni rafiki yake, wala si yeye. Wakili wake, Walter Leechman, alikuwa ameshindwa majuma machache tu kabla katika shauri la panya ndani ya chupa, lakini alilichukua na hili. Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza likaamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawakuuziana. Msingi huo hufuatwa na mahakama za Tanzania, na maana yake ni kwamba hata mtoto aliyeungua anaweza kudai, ingawa risiti ina jina la baba.

Lakini haki hiyo ina saa yake. Madai ya madhara ya namna hii hufungwa baada ya miaka mitatu. Aliyeumia hana budi kumwona wakili mapema, kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote na kabla ya kukitupa kifaa kilichomdhuru, maana kifaa hicho ndicho shahidi mkuu na Shirika la Viwango lina ofisi ya kanda mjini Mbeya. Fomu ya Polisi, vyeti vya hospitali na stakabadhi za kila gharama zihifadhiwe: mahakama haitoi fidia ya gharama zisizothibitishwa. Wakili naye ahakikiwe katika orodha ya Mahakama, na ujira uandikwe. Vishoka wanaozunguka mahakamani wakijiita mawakili ni wanyonyaji kama muuza mpira mbovu.

Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, na hilo limeondoa hofu moja. Umbali bado upo. Mahakama Kuu ina masjala Mbeya na Iringa, na mawakili wengi wamejikusanya humo humo mijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ila hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Mkulima wa Kilolo au Kyela anahitaji wakili kamili. Halmashauri za mikoa hii miwili na Chama cha Mawakili Tanganyika wakubaliane siku maalumu za mawakili kufika makao ya wilaya, na siku hizo zitangazwe mpaka vijijini, kwenye zahanati, ambako majeruhi hufika kwanza.